Ganda la Mbagala na risasi ya Mkwajuni

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeoa au nimefungwa. Sijaoa wala sijafungwa. Nilikuwa nahangaika na kitu kimoja kidogo, hakifiki hata sentimita 4, ambacho kimekaa kwenye droo yangu tangu nikiwa darasa la tano. Ni ganda la risasi.

Nililiokota Mbagala mwaka 2009. Mnaokumbuka, tarehe 29 Aprili mwaka ule mabomu yalilipuka kwenye ghala la silaha la kambi ya jeshi pale Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Sisi tulikimbia na sufuria ya wali bado iko jikoni. Siku zilizofuata tuliambiwa kwa vipaza sauti tusiguse wala kuokota chuma chochote tutakachokikuta. Ukimwambia mtoto wa Mbagala asiokote kitu, umemwambia aende akakitafute. Mimi nikapata ganda langu kwenye mtaro, limepasuka ubavuni, jeusi kama mkaa. Kwa miaka yote nimekuwa nikiwaambia washikaji kwamba limetoka kwenye bunduki ya mwanajeshi, na kadiri nilivyokua ndivyo hadithi ilivyozidi kunoga.

Mwezi uliopita nililibeba mpaka Chamazi kwa mzee mmoja jirani wa shangazi yangu. Ni askari mstaafu, alifanya kazi miaka mingi kama fundi wa silaha. Jina lake ameniomba nisiliandike, naye kwa umri wake nimemtii. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akalipokea lile ganda, akaligeuza kitako juu, akavaa miwani. Hata sekunde kumi hazikupita.

“Mwanangu, hili halijapigwa na bunduki yoyote.”

Nikabaki nimeduwaa. Akanionyesha. Katikati ya kitako cha ganda kuna kiduara kidogo, ndiyo fataki. Ukivuta kifyatulio, kijiti cha chuma ndani ya bunduki kinaigonga ile fataki, inatoa cheche, baruti inawaka, risasi inatoka. Kile kijiti lazima kiache shimo. La kwangu halina shimo. Liko laini kama shilingi mpya. Na kupasuka kwake ubavuni ndiko kunakotoa siri: ganda likiwa ndani ya bunduki linabanwa pande zote na chuma kinene, haliwezi kupasuka hivi. Hili liliungua na moto tu, likajipasukia lenyewe.

Hadithi yangu ya miaka yote imeuawa na mzee mwenye miwani ya kusomea. Lakini nilichotoka nacho Chamazi ni kikubwa zaidi, maana nilikuwa nimeenda na swali jingine mfukoni, na lile ganda lilikuwa kisingizio tu.

Swali lenyewe ni hili. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge Kinondoni, CHADEMA walifunga kampeni viwanja vya Buibui, Mwananyamala, kisha viongozi na wafuasi wakaandamana kuelekea kwa msimamizi wa uchaguzi kudai barua za mawakala wao. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Maeneo ya Mkwajuni, ndani ya daladala, alikuwa amekaa Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, umri miaka 22. Hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa kwenye shughuli zake za mafunzo kwa vitendo, kama ambavyo wengi wetu tumezunguka na bahasha mji mzima kuomba nafasi. Risasi ikamkuta kwenye kiti.

Mimi mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusomea uandishi. Rais Magufuli akaagiza uchunguzi. Polisi wakasema wanawashikilia askari wao 6. Na sisi vijana kwenye makundi yetu ya simu tukawa na uhakika mmoja, uliotoka kwenye filamu za upelelezi tulizokuwa tunanunua kwa jero pale Kariakoo: wataipima risasi, watajua bunduki, wataijua bunduki watamjua mtu. Jambo la wiki moja hilo! Aprili 2018 Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kwamba jalada limefungwa. Hakuna askari aliyepanda kizimbani kwa kifo kile. Walioishia kortini ni viongozi wa CHADEMA, kwa mashtaka yaliyotokana na maandamano yale yale. Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani Machi 2020, Mahakama Kuu ikaja kuifuta hukumu hiyo mwaka 2021.

Kwa hiyo nilitaka kujua: hivi hii sayansi ya kuoanisha risasi na bunduki ni kitu cha kweli au ni cha filamu? Na kama ni cha kweli, kinahitaji nini ili kifanye kazi Kinondoni?

Kwanza mambo ya msingi, mnivumilie. Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa hakuko laini. Kumechongwa mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara, kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja isipepesuke. Risasi inapita humo kwa nguvu, imebana, na chuma cha mtutu ni kigumu kuliko yenyewe. Inatoka imekwaruzwa. Mikwaruzo mikubwa inakuambia aina ya bunduki. Mfano, bastola za Colt za zamani zilikuwa na mifereji 6 inayozungukia kushoto, Smith & Wesson 5 inayozungukia kulia. AK ina mifereji 4, inazungukia kulia. (Hapa Bongo tunaiita SMG, ingawa kwa haki ya jina SMG ni bunduki nyingine kabisa, lakini nani atabishana na askari wa doria?) Hapo bado hujampata mtu, umepata aina tu, sawa na kusema gari lililogonga ni Noah.

Kinachotafutwa ni mikwaruzo midogo zaidi. Kifaa kinachochonga mtutu kiwandani nacho kinachakaa kila kinapochonga, kinaacha kasoro zake, halafu bunduki yenyewe inatumika, inapata kutu, inasafishwa vibaya, inaanguka. Mitutu miwili iliyotoka siku moja kwenye mashine moja haifanani kabisa ukiitazama kwa hadubini. Ganda nalo lina alama zake: shimo la kwenye fataki, chapa ya chuma kilichokuwa nyuma yake, mkwaruzo wa kidole kinacholing'oa na kulirusha nje. Mtaalamu anaichukua bunduki inayoshukiwa, anaipiga kwenye tangi la maji au kwenye pamba, anapata risasi isiyobondeka, kisha anaiweka pamoja na ile ya eneo la tukio kwenye hadubini pacha, yaani hadubini mbili zilizounganishwa ili jicho lione nusu ya hii na nusu ya ile kwa wakati mmoja. Anazungusha polepole mpaka mistari ikutane. Ikikutana, kuna kesi.

Mzee wa Chamazi alilieleza hili kwa mfano wa nyayo za kandambili. “Kandambili zote za dukani zinafanana,” akasema, “lakini ya mke wangu imeliwa kisigino upande mmoja. Nikiikuta imekanyaga uani najua ni nani kaenda chooni.”

Historia yake ni ndefu na wanaoisimulia huanzia London mwaka 1835, ambako mpelelezi Henry Goddard aliona kasoro kwenye risasi iliyopigwa nyumbani kwa watu Southampton, akaikuta kasoro hiyo hiyo kwenye kalibu ya kusubu risasi ya mtumishi wa nyumba ile ile. Mtumishi alikuwa ameigiza uvamizi ili apewe zawadi. Watu walikuwa wanasubu risasi zao wenyewe wakati ule, kwa hiyo hapo kilichooanishwa ni kalibu, siyo bunduki.

Lakini mimi ninayotaka kuwaambia ni ya Cairo, maana mara nyingi tunadhani sayansi hii yote ilizaliwa Marekani ikatufikia kwa meli. Tarehe 19 Novemba 1924, Sir Lee Stack, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Misri na Gavana Mkuu wa Sudan, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari katikati ya Cairo, akafa baadaye. Kulikuwa na mtaalamu wa tiba ya sheria pale, Sydney Smith, mtu wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Misri tangu 1917. Miaka ile wakubwa wa Kiingereza walikuwa wanauawa mmoja mmoja Cairo, na Smith alikuwa na tabia ya kutunza risasi na maganda ya kila tukio. Risasi za Stack zilipofika mezani kwake, aliona mkwaruzo anaoufahamu: zilitoka kwenye bastola ya Colt ya inchi .32 yenye kasoro mtutuni, ambayo alikuwa ameshaona kazi yake kwenye mauaji ya nyuma. Bunduki hajaiona, lakini alama yake anaijua! Baadaye vijana wawili ndugu walikamatwa wakijaribu kutoroka kwa treni kuelekea Libya, silaha zimefichwa ndani ya kapu la matunda. Smith akazipiga silaha zile, akalinganisha, na Colt ile ikawa yenyewe. Watu 7 walinyongwa mwaka 1925. Kwao Wamisri wengi hawa walikuwa wapigania uhuru, na Uingereza ilikitumia kifo cha Stack kuibana serikali ya Saad Zaghloul mpaka ikaanguka. Sayansi ilikuwa sahihi, na ilikuwa inamtumikia mkoloni. Mambo mawili hayo yanakaa nyumba moja bila kugombana.

Marekani nao walikuwa na lao. Mwaka 1915 katika jimbo la New York, kibarua wa shambani asiyejua kusoma, Charles Stielow, alihukumiwa kifo kwa sababu “mtaalamu” mmoja aliyejipachika cheo aliapa mahakamani kwamba mikwaruzo ya risasi inalingana na bastola yake. Hakuwa na picha yoyote ya kuthibitisha, na mahakama ikamwamini kwa maneno tu. Stielow alikaribia kabisa kiti cha umeme kabla uchunguzi mpya haujaonyesha kwamba risasi zile haziwezi kuwa zimetoka kwenye bastola ile. Aliachiwa 1918. Aibu hiyo ndiyo iliyomsukuma Charles Waite, aliyekuwa kwenye uchunguzi ule, kuzunguka viwanda vya Marekani na Ulaya akikusanya vipimo vya bunduki, na kundi lake ndilo lililoleta hadubini pacha katikati ya miaka ya 1920, kazi ya Philip Gravelle, ikapata jina kupitia kwa Calvin Goddard. (Goddard huyu hana uhusiano na yule wa London, msije mkanisumbua.)

Goddard alipata kesi yake kubwa Chicago. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7, wengi wao wa genge moja, walisimamishwa ukutani ndani ya gereji, wakamiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Mji mzima ukasema: polisi wamefanya. Basi Goddard akapewa maganda 70 ya risasi yaliyookotwa pale, na akapewa pia bunduki za polisi za aina ya Thompson. Akazipiga zote, akalinganisha, hakuna iliyolingana. Polisi wakasafishwa. Desemba mwaka huo zikakutwa Thompson mbili kwenye nyumba ya mhalifu Fred Burke huko Michigan, na hizo zikalingana.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani. Polisi walishukiwa, bunduki za polisi zikapimwa na mtu asiye polisi, na majibu yakatangazwa. Jibu lilikuwa zuri kwa polisi. Kwa nini mtu aogope kipimo ambacho kinaweza kumsafisha?

Sasa turudi nyumbani. Kuna kitu watu wanachanganya, hata chumba chetu cha habari nilishawahi kukiandika vibaya na mhariri naye akakipitisha. Risasi haiendi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Yule anahusika na vinasaba, sumu, dawa za kulevya. Silaha zinachunguzwa na polisi wenyewe, kwenye Kamisheni yao ya Uchunguzi wa Kisayansi wa Jinai. Wataalamu wapo na wanapanda kizimbani. Waliofuatilia kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe na wenzake, iliyofutwa Machi 2022, watakumbuka mtaalamu wa silaha wa polisi akihojiwa kuhusu bastola, mawakili wakimkaba kwenye namba na vipimo. Kwa hiyo asije mtu akakwambia Tanzania hatuna watu wa kazi hiyo.

Tatizo liko kabla risasi haijafika kwa mtaalamu. Chukueni kesi ya Zombe. Tarehe 14 Januari 2006 wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja wa Dar waliuawa na polisi. Taarifa ya polisi ilisema ni majambazi, wameuawa katika majibizano ya risasi Sinza, kwenye ukuta wa Posta. Ndugu wakakataa. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, ikaonekana hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na majibizano Sinza. Walipelekwa msitu wa Pande, kule Mbezi, wakauawa huko.

Fikirieni mahali hapo pawili kwa macho ya mzee wa Chamazi. Pakiwa na majibizano ya risasi ukutani, ukuta utakuwa na matundu. SMG inarusha maganda mita kadhaa upande wa kulia, yatakuwa yametapakaa. Na kama majambazi nao walipiga, kutakuwa na maganda ya bunduki ambazo siyo za polisi. Pande nako, kama watu wameuawa huko, chini ya majani kutakuwa na maganda yenye chapa ya bunduki fulani iliyotoka kituo fulani siku fulani. Sayansi haihitaji tume ya jaji. Inahitaji mtu mwenye bahasha na penseli afike mapema, na asiwe mwenzake wa waliopiga.

Kesi ile ilikuja kusimama zaidi kwa maneno ya watu. Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi mkoa wa Dar, na wenzake 8, akisema waliofanya mauaji yale hasa hawakuwa mbele yake. Aliyetajwa kuwa mpiga risasi, koplo mmoja, alikuwa ametoroka. Serikali ikakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuachiwa kwa Zombe, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kifo. Miaka 10 na miezi 8 tangu siku ya tukio.

Nilimuuliza mzee: kwenye tukio kama la Mkwajuni ungefanya nini? Akajibu haraka mno, nikajua ameshaliwaza mwenyewe usiku. Kwanza, kitabu. Kila askari anapochukua bunduki ghalani anaandikiwa namba ya bunduki na idadi ya risasi, anasaini. Akirudi zinahesabiwa. Aliyetoka na 30 akarudi na 27, ana la kueleza. Pili, bunduki zote za siku hiyo zinafungiwa palepale, hakuna kusafisha wala kurudi nazo doria kesho yake. Tatu, maganda yanaokotwa barabarani kabla daladala na bajaji hazijayasaga, kila moja na mahali pake kwenye mchoro. Nne, risasi.

Akanyamaza kidogo kwenye ile ya nne.

“Risasi ya SMG ina mbio sana,” akasema. “Ikipita kwenye bati na kioo na mfupa, mara nyingi haibaki. Inatoka inakwenda zake, au inapasuka vipande. Usipoipata risasi, basi maganda yanakuambia bunduki gani zilipigwa pale. Hayakwambii ipi ilimpata yule binti.”

Hili sikulijua na limenitesa. Tuseme kila kitu kimefanyika sawasawa, maganda yameokotwa, yamelinganishwa, umepata bunduki sita zilizopigwa siku ile. Zimepigwa hewani au usawa wa watu? Kama risasi haikupatikana, hadubini inaishia hapo, na kazi inahamia kwa wapimaji wa pembe: tundu liko wapi kwenye daladala, lilikuwa limesimama wapi, nani alikuwa amesimama upande ule. Inawezekana, ila ni ngumu. Sitawadanganya kwamba jibu lilikuwa rahisi mtu akalificha. Ninachosema ni kwamba tulitangaziwa jalada limefungwa, na hatukuwekwa mezani hata ukurasa mmoja wa kilichopimwa na kilichoshindikana.

Jirani zetu walau wanajaribu. Tarehe 30 Machi 2020, usiku wa amri ya kutotoka nje wakati wa korona, mtoto wa miaka 13, Yassin Moyo, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao mtaa wa Kiamaiko, Nairobi. Kenya wana IPOA, chombo cha kiraia kinachochunguza polisi. Risasi na bunduki zikapelekwa kupimwa, majibu yakaelekeza kwenye bunduki ya askari mmoja, na Juni mwaka huo akashtakiwa kwa mauaji. Kushtakiwa siyo kutiwa hatiani, najua, na kesi za huko nazo zinatambaa kama kobe. Lakini kulikuwa na jina.

Wakenya hawa hawa ndio wenye mfano wa mipaka ya kipimo hiki. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa Nairobi. Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, bastola ikapatikana, mtaalamu akasema risasi zimetoka humo, akanyongwa mwaka huo huo. Ya nani alimtuma watu wanabishana mpaka leo. Mtutu hauandiki jina la aliyetoa amri.

Na kuna bunduki ambazo hazisemi kitu kabisa. Gobore zetu hizi za kutengeneza vijijini, mtutu wake ni bomba tu, laini ndani, na ndani yake mtu anaweka gololi au vipande vya nondo. Hakuna mifereji ya kuacha alama. Gobore ikishafanya kazi yake, hadubini ya milioni mia ni pambo la mezani.

Tena wenyewe wenye sayansi wameanza kujitilia shaka. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilisema mwaka 2009 kwamba wataalamu hawa wanategemea mno jicho na uzoefu, na kwamba haijathibitishwa vya kutosha kuwa alama za kila bunduki ni za peke yake. Jopo la washauri wa Rais Obama likarudia mwaka 2016. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo la Maryland, katika kesi ya Abruquah, ikasema mtaalamu hakupaswa kuruhusiwa kutamka bila kuweka mipaka kwamba risasi hii imetoka kwenye bunduki hii; angeweza kusema tu kwamba alama zinaendana au haziendani. Mzee nilipomsomea hili alicheka. Akasema yeye siku zote aliandika “inaendana” kwenye ripoti, mwendesha mashtaka ndiye aliyekuwa akisimama na kusema “ndiyo yenyewe, Mheshimiwa”.

Nilipanda daladala la kurudi jioni, foleni ya Mbagala Rangi Tatu kama kawaida. Nikakaa dirishani, na kwa mara ya kwanza nikajikuta napima bati la lile gari kwa kidole. Ni jembamba kuliko nilivyodhani. Siku mbili baadaye nikaenda Mkwajuni kwa miguu kutokea Magomeni, nikasimama kituoni karibu nusu saa. Mabasi ya mwendokasi yanapita, wauza maji wanakimbiza abiria, kuna kijana anauza chaja za simu. Nikamuuliza kama anakumbuka mwaka 2018. Akasema yeye kahamia Dar juzi tu kutoka Singida, akaniuliza kama nachukua chaja au sichukui.

Nilichukua. Imeshaharibika.

Ganda langu limebaki kwa mzee, amesema ana mjukuu anayesoma sayansi Mbande na anataka kumwonyesha fataki isiyogongwa inavyofanana. Kuna kingine ameahidi kunitafutia sandukuni: daftari lake la ghala la miaka ya tisini, kuona kurasa zinavyojazwa, namba ya bunduki, idadi ya risasi, saini ya kutoka, saini ya kurudi. Akilipata nitaenda Jumamosi.